Mtu wa Kuondolewa Kwenye Picha

Brackengarth, 9 Machi 1852

Mwanangu Dinah,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakitazama picha ya malisho ni kudhani kwamba kondoo aliyechorwa ni kondoo. Nimelitanguliza hili mbele ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitafika kwenye magoti yangu, na nikishafika kwenye magoti sitatoka.

Sasa salamu. Sisi huku hatujambo. Moses Fleming, mpangaji wangu, amepata binti wa tatu na anatembea kama mtu aliyeangukiwa na gogo. Mkewe mzima, mtoto mzima. Theluji imebaki kwenye mikunjo ya juu ya mlima tu. Bado naishi katika kile kijumba cha mwisho wa uwanja, na Moses na watu wake wanakaa nyumba kubwa. Magoti nimeshayataja.

Nashukuru sana kwa barua yako na kwa ule mchoro mdogo uliouweka ndani yake. Nimeuegemeza juu ya meko, nao unanitazama ninapokunywa chai. Uliniuliza swali moja tu. Nitakujibu kwa kirefu, maana nimefundisha shule miaka thelathini na minne na hajatokea mtu wa kunikomesha.

Unasema Bwana Crankshaw, mwenye kiwanda cha pamba, anaitaka picha hii iwe kubwa, ya rangi za mafuta, kwa ajili ya chumba chake cha kulia. Ikimpendeza ataagiza nyingine nne, nawe utaacha kazi ya kuchora maua ya kupigwa chapa kwenye vitambaa. Lakini anataka vitu viwili viondoke: alama nyekundu kwenye mapaja ya kondoo, na yule mtu aliyesimama kando ya kijito. Nawe unauliza: nikiviondoa, nitakuwa nimesema uongo?

Mtu anayeishi chini ya moshi siku sita za juma hatafuti kondoo. Anatafuta utulivu. Na kwa kuwa utulivu hauna sura, mchoraji huuazimia sura ya kondoo. Kijito kinachokwenda polepole ni muda usiokuwa na kengele ya kiwanda. Lango lililoachwa wazi linasema hapa hafukuzwi mtu. Uzi mmoja wa moshi unaopanda wima kutoka kwenye paa unasema kuna mtu anapika na hana haraka. Umeona kwamba Bwana Crankshaw hakukwambia uufute huo? Yeye anayetoa moshi mchana na usiku ameupenda huo mmoja, kwa kuwa si wake. Usimcheke. Ukiijua lugha hii ya ishara utaona kwamba picha za namna hiyo haziagizwi na sisi tunaokaa mlimani. Huagizwa na watu wa mijini, na kadiri madohani yanavyozidi kwao, ndivyo wanavyozidi kuzihitaji.

Basi, alama usizifute. Kondoo asiye na alama ni kondoo asiye na mwenyewe, na huku kwetu kondoo wa namna hiyo huwafanya watu wapigane. Bwana Crankshaw atazizoea.

Lakini kuhusu yule mtu, ana haki. Mchungaji wa kwenye picha hukaa chini, hulala, hupiga filimbi. Umbo lake linatwambia kwamba kazi imekwisha. Huyu wako amesimama, uzito wote kwenye mguu mmoja, kama anayengoja kuitwa. Anauharibu utulivu. Mwondoe.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako.

Akupendaye siku zote,
Ambrose Birkett

*

Preston, 2 Aprili 1852

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mimi ni mzima na namshukuru Mungu. Mvua inanyesha na inashuka nyeusi. Ukianika shuka asubuhi unaianua ikiwa kama ya mchimba makaa. Jirani yetu Bi Entwistle amenunua kasuku asiyesema neno, naye anadai ni kwa sababu ya adabu.

Umesema niwasalimie wote wa nyumbani. Tuko wawili, Baba Mkubwa, tangu Mama alipofariki, na mmoja wetu ni mimi. Kwa hiyo salamu nimezifikisha kwa aliyebaki. Alikuwa anavua viatu.

“Kaandika kurasa ngapi?”

“Sita, Baba.”

“Basi anaumwa. Zamani zilikuwa kumi.”

Akaviweka viatu kando ya moto. Lakini nilipotoka kwenda kuchota maji na kurudi, niliikuta barua si mahali nilipoiacha.

Nashukuru kwa somo. Nilikuwa nikichora lango wazi siku zote bila kujua ninasema nini, kama mtoto anayejifunza wimbo wa lugha ya kigeni. Na nikishika brashi nakukumbuka. Siku tuliyoondoka Brackengarth nilikuwa na miaka kumi, ukanikimbilia hadi kwenye gari na lile sanduku la rangi, ukanipa bila kumtazama Baba. Vidonge vyote vimekwisha sasa isipokuwa ile rangi ya zambarau, ambayo hakuna anayeihitaji. Sanduku bado ninalo.

Alama za kondoo nimezitetea. Bwana Crankshaw alikuja kuangalia kazi inavyokwenda, akainamia turubai mpaka pua ikakaribia kupata rangi.

“Hii nyekundu ni nini, damu?”

“Ni alama ya shamba, bwana. Mstari mmoja juu ya paja la kushoto. Na sikio la kulia limekatwa ncha, ukitazama vizuri.”

“Ya nini? Nani atawaiba kwenye chumba changu cha kulia?”

Akacheka mwenyewe, nami nikacheka, na alama zikapona. Si mtu mbaya. Lakini kuhusu yule mtu hacheki. “Ataondoka lini?” ananiuliza, kama vile jamaa amepitisha muda wa ugeni. Nimekishika kisu cha kukwangulia rangi mara mbili, na mara mbili nimekirudisha mezani. Sababu sitaiandika. Nikiiandika nitakuwa nimevunja ahadi niliyompa mtu.

Nina swali jingine, maana Baba nikimuuliza anainuka kwenda kuangalia moto. Tulipohama, kwa nini hatukuondoka na kondoo hata mmoja?

Baba anakohoa kidogo, kama wote wa chumba cha kuchania pamba.

Mwanao,
Dinah

*

Brackengarth, 26 Aprili 1852

Mwanangu Dinah,

Pole na mvua nyeusi. Huku kondoo wanazaa na hakuna aliyelala kitandani juma zima. Moses amewaweka watoto wanne wa kondoo jikoni, kando ya meko, na binti yake mchanga katikati yao. Mkewe anasema akiamka gizani hunyoosha mkono kwanza ajue ni yupi anayelia. Nimeshukuru kuishi kuona machipuko mengine. Katika umri wangu mtu hushukuru hata kwa kelele.

Kwa mpeleka mizigo nimekutumia paja la nguruwe tulilokausha wenyewe, mikate ya shayiri na chupa mbili za asali. Asali ni kwa kifua cha yeyote mwenye haja nayo.

Umeuliza kuhusu kondoo. Swali zuri, nami nalifurahia. Mlima wetu hauna ua wala ukuta. Kondoo wa Brackengarth wanakaa upande wa Brackengarth kwa sababu kila jike humwonyesha mtoto wake mpaka uko wapi, naye alionyeshwa na mama yake, na hivyo kurudi nyuma hata kabla ya nyumba hii kujengwa. Ukiwahamishia mahali pengine watarudi, watavuka mito, watakufa njiani. Kwa hiyo sheria ya huku ni kwamba kundi ni la shamba. Shamba likirithiwa, kundi linarithiwa nalo. Mtu akiondoka, anaondoka peke yake, kondoo wanabaki.

Kuhusu nani aliondoka na kwa nini, hilo ni jambo la zamani, na posta haibebi mambo ya zamani vizuri.

Niambie picha inaendeleaje. Yule mtu bado yupo? Usiogope kisu. Rangi ya mafuta inasamehe. Ukikwangua leo, kesho unapaka majani mahali pake na hakuna atakayejua kwamba pale aliwahi kusimama mtu.

Ambrose Birkett

*

Preston, 30 Juni 1852

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nisamehe kwa miezi miwili ya kimya. Asali imefika na imekwisha. Paja la nguruwe lilitulisha majuma matatu, na Bi Entwistle alilipata pande lake akamsifu nguruwe wenu kama anayemfahamu. Sote tunakushukuru. Kasuku amesema neno lake la kwanza, nalo siwezi kukuandikia.

Picha ilikwisha tarehe kumi na tano. Niliipeleka mwenyewe kwa Bwana Crankshaw, nimeifunga kwenye blanketi. Waliiegemeza kwenye kiti mwisho wa meza ndefu ya kulia, naye akaizunguka. Alipenda mlima. Alipenda mwanga juu ya kijito. Akaweka kidole karibu na yule mtu.

“Huyu bado yupo.”

“Ndiyo, bwana.”

“Mpaka nikuombe kwa maandishi? Ni nani huyu, mchumba wako?”

“Anaitwa Jonathan Birkett, bwana. Amekuwa kwenye chumba chako cha kuchania pamba miaka kumi na tisa. Ni baba yangu.”

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alivuta kiti akakaa, akaitazama picha kwa muda ambao ningeweza kuchemsha maji. Kisha akasema taratibu, “Basi siwezi kula mbele yake.” Akanishika mkono, akanishukuru kwa taabu niliyopata, akaita mtumishi anisaidie kuifunga tena.

Kwa hiyo nimerudi kwenye maua ya vitambaa. Msimamizi alinipokea vizuri, kalamu zangu zilikuwa palepale. Ningeweza kumkwangua Baba kwa nusu saa nikaondoka pale na maagizo ya picha nne. Nakueleza hili ili ujue kwamba nilijua ninachokikataa.

Sasa navunja ahadi. Baba hajaingia kiwandani tangu Pasaka. Pamba imemjaa kifuani. Daktari anasema hewa ya hapa itammaliza kabla ya majira mengine ya baridi, na kwamba akae mahali palipo juu na pakavu. Baba alimjibu, “Napajua mahali pa juu. Hapanijui tena.” Anashinda dirishani, na dirisha letu linatazama ukuta wa ghala. Mwaka jana, kabla hajazidiwa, nilimwomba asimame katikati ya chumba kama alivyokuwa akisimama mlimani, nami nikamchora. Alisimama saa nzima. Sikumwambia aweke uzito kwenye mguu mmoja.

Alinikataza kukuomba kitu. Sikuombi kitu. Nakupelekea picha tu, maana hapa hatuna ukuta mkavu wa kuitundika, na kupeleka picha si kuomba. Itafika kwa mpeleka mizigo, imefungwa kwenye lile blanketi.

Dinah

*

Brackengarth, 21 Julai 1852

Mwanangu Dinah,

Salamu zingoje leo. Sote wazima.

Picha ilifika siku moja kabla ya mkutano wa wachungaji. Uliondoka ukiwa mdogo, kwa hiyo nikukumbushe. Mara mbili kwa mwaka kila shamba huleta kondoo wa watu waliojichanganya na wake. Hufungiwa kwenye mazizi ya mawe, na kitabu cha wachungaji hufunguliwa. Kitabu hicho kina picha moja tu ya kondoo iliyorudiwa mamia ya mara, ukurasa baada ya ukurasa. Kinachobadilika ni alama na jina la mwenyewe chini yake. Hapo mpotevu anarudishwa kwa mwenyewe. Hakuna kudai gharama ya majani aliyokula, wala kuulizana alikuwa wapi. Baada ya hapo ni nyama ya kondoo na viazi kutoka chungu kimoja, na bia.

Moses aliiona picha kwangu, na bila kuniuliza akaichukua akaitundika kwenye ukuta wa zizi. “Watu waone binti wa nyumba anavyojua mkono wake,” alisema. Nikasimama nikijivuna. Nilikuwa nimeshaanza kueleza maana ya lango wazi.

Wilf Tyson, jirani yetu wa ng’ambo ya kijito, ana miaka sabini na mitano na hajawahi kuona picha kubwa kuliko ya kwenye kopo la chai. Aliitazama, uso ukawa mwekundu.

“Ambrose! Hawa ni kondoo wako?”

“Ni kondoo wa kwenye picha, Wilf.”

“Mstari mmoja paja la kushoto, sikio la kulia limekatwa ncha. Ni wako. Na hapo wanapokula ni kwangu! Ule mwamba ni wangu, ule mti ni wangu. Kumi na moja nimewahesabu!”

“Wilf, kondoo aliyechorwa si kondoo. Ni ishara ya—”

“Ishara ya wizi! Binti ameona, ameandika. Tangu lini mnalisha kwangu?”

Zizi zima lilikuja mbio. Nusu walicheka, nusu walikubaliana naye kabisa. Mmoja alikileta kitabu na kuanza kulinganisha alama na picha kama hakimu. Moses alisema labda ulikuwa mwaka wa ukame. Mimi nikapandisha sauti kwa ajili ya ishara. Ndipo Wilf akawasahau kondoo. Alikuwa amesogea hadi kwenye pembe ya picha, penye kijito.

“Haki ya Mungu, huyu ni Jonty. Jonathan wenu!”

Nikasema ni mtu tu, mchungaji wa picha.

“Mchungaji wa picha nini? Tazama mguu. Jonty alivunjika nyonga akichimbua kondoo wangu kwenye theluji, mwaka ule wa dhoruba kubwa, na tangu siku hiyo anasimama hivyo. Kondoo wangu mimi, Ambrose, si wenu. Alitoa thelathini na wawili.” Akavua kofia mbele ya turubai. “Basi kama Jonty yupo nao, nisamehe. Angewarudisha kabla ya jioni.”

Mmoja mmoja walikuja kumtazama. Mwingine alisema Jonty alimfundisha kunyoa. Mwingine alisema Jonty alimzalishia ng’ombe usiku wa harusi yake. Kisha Wilf akanigeukia mbele ya wote. “Leo ni siku ya wapotevu, Mwalimu. Huyu ana alama yenu. Mbona hamjaja kumchukua?”

Dinah, sasa nitakueleza jambo ambalo sikulieleza kwa miaka kumi na tisa. Nilimjua yule mtu siku ya kwanza, kwenye mchoro wako mdogo, kabla sijaketi. Nilikuambia umwondoe kwa sababu nilimjua. Yote niliyoandika kuhusu utulivu na filimbi ni kweli, na yote niliyaandika ili nisimtazame ndugu yangu ninapokunywa chai.

Baba yetu aliniachia mimi shamba kwa sababu ni wa kwanza, na mimi nilikuwa mjini Kendal nikifundisha Kilatini. Jonty alikuwa ameuchunga mlima huu miaka ishirini. Siku ya mazishi alisema mbele ya watu kwamba siwezi kumtofautisha kondoo dume na mbwa. Ilikuwa kweli, na watu walicheka. Usiku huo nilimwambia anaweza kubaki kama kibarua wa mwaka. Nilitamka neno hilo, kibarua, kwa ndugu yangu, juu ya kondoo aliowalea. Asubuhi gari lenu lilikuwa tayari uwanjani.

Mwambie arudi. Chumba cha kijumba changu kinachotazama mlima ni kikavu.

Nakushukuru kwa kisu ulichokirudisha mezani mara mbili.

Baba yako Mkubwa,
Ambrose

*

Preston, 29 Julai 1852

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nilimsomea barua yako yote. Niliogopa kufika ule mwisho, lakini alininyooshea mkono niendelee.

Alipomsikia Wilf Tyson alicheka. Ni mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Pasaka, na kikohozi kilichofuata kilichukua nusu saa, nami nikimshikilia mgongo. Alipopata pumzi kitu cha kwanza alichosema ni hiki: “Wilf ana haki. Umenichorea kondoo kwenye malisho ya watu, mwanangu, umeniaibisha. Ule mwamba uko ng’ambo.” Nikamwambia niliwaweka pale kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri upande huo. “Mwanga!” akasema. “Kamwambie Wilf kuhusu mwanga.”

Nilipofika kwenye neno lile hakucheka. Alikaa akitazama ukuta wa ghala. Baadaye akaniuliza, “Kaliandika mwenyewe? Hivyo hivyo, kibarua?” Nikamwonyesha mstari. Akaugusa kwa kidole, yeye ambaye kusoma humchukua muda, akausoma herufi kwa herufi.

Jibu lake nakuandikia kama alivyolisema. “Mwambie nimemsikia, na nimeshukuru. Na hilo la kondoo dume na mbwa, mwambie sikupaswa kulisema makaburini. Ningelisema nyumbani. Lakini siji kulala kwenye chumba kikavu cha mtu nikilishwa kwa kijiko. Nilishaondoka pale nikiwa si kitu mara moja. Mgonjwa wa kupewa chumba naye si kitu.”

Nimembembeleza siku nne. Ni ndugu yako, unajua alivyo. Nadhani hata wewe uko hivyo. Lakini jana, nikiwa nachora maua, aliniuliza kutoka dirishani bila kugeuka: Moses anawapaka kondoo lami ya kuwakinga na baridi mwezi gani? Bado wanatumia lango la juu? Nilimjibu sijui. Akasema, “Mwezi wa kumi ni kuchelewa. Mtu amwambie.”

Kikohozi hakijapungua. Sijui tuna majuma mangapi ya joto.

Mwanao,
Dinah

*

Brackengarth, 4 Agosti 1852

Mwanangu Dinah, na wewe Jonty, maana najua unasomewa,

Shikamoo nimeipokea, amani kwenu wote wawili. Mtoto wa Moses ameota jino. Nyasi zimekatwa na ziko ghalani, kavu, jambo ambalo halijatokea miaka mitatu. Wilf Tyson hupita kila jioni kuitazama picha, na bado anataka kondoo wahamishwe upande wa pili wa kijito. Nimemwambia amwone mchoraji.

Jonty, una haki. Chumba hakitoshi. Nilikosa miaka kumi na tisa iliyopita, na majuma mawili yaliyopita nikakosa tena, kosa lile lile kwa sauti ya upole zaidi: nilikupa mahali pa kukaa bila kukupa kilicho chako. Naomba unisamehe kwa yote mawili.

Kwa hiyo jana nilikwenda na Moses na Wilf mpaka kwa mwandishi wa sheria. Shamba linabaki kwa Moses kulima, kama mkataba wake unavyosema. Kundi si lake, nawe unajua. Mpangaji hulichunga, mwenye shamba hulimiliki. Kundi sasa ni lako. Majike mia mbili na kumi, madume matano, na alama. Mwaka huu kitabu cha wachungaji kinachapishwa upya, na chini ya mstari mmoja wa paja la kushoto wataandika Jonathan Birkett, Brackengarth. Nimewapelekea jina kwa mkono wangu, Wilf akasimama nyuma yangu kuhakikisha sijakosea.

Hii si zawadi, usije ukakataa. Nimemrudisha mpotevu kwa mwenyewe, na mashahidi walikuwa zizi zima. Hulazimiki kupanda mlima. Kaa kwenye benchi uwanjani umtukane Moses. Amesema anahitaji kutukanwa na mtu anayejua, kwa sababu mimi humtukana kwa Kilatini. Kuhusu lami, amesema atafanya utakavyosema, na kwamba mwezi wa tisa ni sawa kwake.

Dinah, wewe nina neno moja la mwalimu, halafu ninyamaze. Nilikufundisha kwamba malisho ya kwenye picha ni ndoto ya watu waliochoka, na bado naamini hivyo; wala simlaumu Bwana Crankshaw kwa kutaka kuiota akila. Lakini alijua zaidi yangu. Alipoambiwa yule mtu ni nani, alikiri kwamba hawezi kumtazama. Mimi niliambiwa na macho yangu mwenyewe, nikaandika kurasa sita. Nakushukuru, mwanangu. Kazi yako imefanya jambo ambalo barua zangu zote hazikulifanya.

Gari la Moses litakuwa stesheni ya Kendal Jumanne tarehe kumi, saa tisa alasiri, limejazwa majani makavu na blanketi, ili asitikisike. Barua hii itakufikia Ijumaa. Leo hii, ukimaliza kuisoma, nenda stesheni ukate tiketi mbili.

Ambrose